Jino la Mbele la Baba

Tarehe 3 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimeketi kitandani, chai inapoa pembeni, nikiomba barua hii ikukute umeamka vizuri na kifua hakikubani. Mimi ni mzima, ukiacha huu woga wangu unaoujua tangu utoto. Jioni hii nimerudi mlangoni tena na tena kuhakikisha nimefunga, na mpaka sasa moyo unaniambia sikufunga.

Najua wiki iliyopita ulipokuja kliniki ninakofanya kazi ulikuwa unatikisa kichwa tu, maana nusu ya maneno ya daktari hukuyasikia. Ndiyo sababu naandika. Miaka ya kupuliza tarumbeta imekula masikio yako, na kwenye simu tunapigiana kelele kama watu waliogombana, halafu unajibu "ndiyo, ndiyo" kwa jambo lingine kabisa.

Daktari alisema hivi. Ile homa uliyougua ukiwa mwanafunzi, koo likauma kisha magoti yakavimba, iliharibu kilango kimoja ndani ya moyo, kile wanachokiita vali. Sasa hakifungi vizuri. Damu inarudi ilikotoka, ndiyo maana unahema ukipanda ngazi. Kinaweza kutengenezwa kwa upasuaji. Lakini hawatakugusa kabla mdomo wako haujawa safi. Lile jino lako la mbele, la juu, limeoza mpaka kwenye mzizi na fizi ina usaha. Vijidudu vya usaha huo vinaingia kwenye damu kila unapotafuna, kila unapopiga mswaki. Kwa mtu mwenye moyo mzima vinapita tu. Kwa mwenye kilango kilichochakaa vinapata pa kukaa, vinajenga, vinakila kile kilango chenyewe. Daktari wa meno wa huko kwenu amekwisha kusema haliponi. Ni la kung'oa.

Daktari wa moyo alinigeukia akasema, "Karani, huyu ni baba yako. Likishatoka uniambie, nimpangie tarehe ya upasuaji." Basi amenipa mimi kazi ya kukutazamia mdomo, nami niko mbali nawe safari ya kutwa nzima. Tafadhali nenda, Baba. Nenda kwa ajili yangu.

Ni mimi,
Mwanao


Tarehe 10 Februari

Mheshimiwa Karani, binti yangu,

Marahaba sana. Mimi sijambo, nyumba haijambo, na paka wa jirani hajambo kuliko sote, maana amehamia kwenye kiti changu na hataki majadiliano. Wewe je? Unakula? Ukila, kula umekaa.

Barua yako nimeisoma, kisha nikamsomea Mpiga Ngoma wa bendi yetu. Alicheka akashika ukuta. "Yaani moyo ndio unaumwa, halafu jino ndilo linaadhibiwa? Hao madaktari wamekosana na meno yako?" Usimjali. Yeye mwenyewe ana gego linamtesa, shavu limevimba kama amebana limau, na tangu juzi anapiga ngoma akiwa amejifunga kitambaa kichwani kama bibi.

Lakini nikueleze kitu ambacho hakipo kwenye vitabu ulivyosoma. Mdomo wa tarumbeta haukai hewani. Unakaa juu ya midomo, na midomo inaegemea meno mawili ya mbele. Huo ndio ukuta wangu. Ukibomoa nusu ya ukuta, sauti inavujia pembeni kama tairi lenye mwiba. Najua utasema nipachikwe la bandia. Tulikuwa na mwenzetu mmoja alipachikwa. Kwenye harusi, akiwa juu kabisa ya wimbo, jino likatoka pamoja na sauti likatua mapajani mwa bibi harusi. Mpaka leo ndoa ile watu wanaisimulia kwa hilo.

Hata hivyo umeniomba, na tangu ujue kuandika sijawahi kukukatalia ulichoniomba kwa maandishi. Nitakwenda.

Baba yako


Tarehe 19 Februari

Binti yangu,

Salamu fupi, kwa kuwa mdomo bado una ganzi na hata mkono naona umeambukizwa.

Limekwisha. Nakujua, wewe ukiambiwa jua limetoka lazima ufungue dirisha. Kwa hiyo nimelikunja kwenye pamba, lione mwenyewe, lishike, kisha lala usingizi. Mwambie daktari anipange.

Baba


Tarehe 26 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo, na pole sana, na hongera, na asante! Kidonda kinaendeleaje? Unasukutua maji ya chumvi? Usipulize chochote mpaka fizi ijifunge, hata chai usiipulize, isubiri ipoe.

Nilipofungua pamba nililia pale pale kwenye kiti changu cha kazi. Wagonjwa kwenye foleni walidhani nimepata msiba. Nililiosha, nikalitia kwenye kichupa kidogo cha dawa, limekaa mbele yangu karibu na mihuri. Najua ni kichekesho. Lakini nikilitazama naona umeacha kitu ulichokipenda kwa sababu mimi nimekuomba, na sidhani kuna mtu amewahi kunifanyia hivyo.

Nilimwambia daktari, "Baba amekwisha kung'oa." Hakuuliza swali la pili. Amekupanga tarehe nane Aprili. Uje na blanketi lako zito, huku wodini kuna baridi.

Kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze, leo asubuhi nilifunga mlango nikaondoka bila kurudi.

Mwanao mwenye furaha


Tarehe 5 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Nataka kweli uwe mzima, na hilo ndilo linalonitesa ninapoandika.

Leo daktari wa meno wa jengo la pili alikuja dirishani kwangu kuchukua mafaili ya wagonjwa wake. Akaona kichupa.

"Hili la nani, Karani?"

"La baba yangu. Jino la mbele."

Akakiinua kwenye mwanga, akakizungusha. "La mbele? Labda baba yako awe tembo. Hili ni gego, la juu. Ona mizizi yake, mitatu, imetawanyika kama miguu ya kigoda. Jino la mbele lina mzizi mmoja tu, umenyooka."

Akacheka. Nami nikacheka naye. Baba, nilicheka, kwa sababu sikujua uso wangu ufanye nini.

Nimejaribu kujidanganya kwamba labda uling'oa mawili, ukatuma moja kimakosa. Lakini magego yako ya juu tuliyaona sote pale kliniki, mazima, daktari hata aliyasifu. Basi hili ni la nani? Naona kitambaa kichwani na shavu lenye limau, na sitaki kuona.

Ulinijua vizuri. Ulijua nitataka kuhakikisha, ukaniletea cha kuhakikishia. Mtu asiyenijua asingeweza kunidanganya hivyo. Nimelia juu ya jino la mtu mwingine. Nimeliosha kwa mikono yangu.

Na daktari nimekwisha kumwambia. Tarehe ile wamekupa kwa neno langu. Wakikufungua kifua huku usaha uko mdomoni, wanaweza kukutengenezea kilango kikaliwa tena na vijidudu vile vile. Sijamwambia bado. Niambie ukweli kwanza. Naogopa hata kutembea kwenye korido, nisikutane naye.

Mwanao


Tarehe 13 Machi

Mwanangu,

Sijui nikusalimu vipi ukanipokea. Habari za huko. Mimi nipo.

Jino ni la Mpiga Ngoma. Tulikwenda pamoja kwa daktari wa meno. Yeye aliingia, mimi nikabaki benchi, nikasikia kilio chake kupitia ukuta, nikasimama nikatoka nje. Alipotoka nikamwambia, "Nipe hilo." Akasema, "La nini, bwana, unataka kulizika?" Nilipomweleza hakucheka. Alisema si vizuri. Nikamwambia kabla ya Aprili nitakuwa nimekwenda, kwa hiyo si uongo, ni kutanguliza tu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia hata mimi.

Sasa nakuambia ambalo hata marehemu mama yako, angekuwepo, ningemficha. Tangu mwaka jana sipulizi. Pumzi haitoshi. Tukifika kwenye sehemu za juu, Tarumbeta la Pili, yule kijana mrefu anayesimama nyuma yangu, ndiye anayepuliza. Mimi nainua tarumbeta, navimbisha mashavu, nafumba macho, watu wanapiga makofi. Tunajua wawili tu, yeye na mimi. Kiongozi wa bendi hajui. Mpiga Ngoma mwenyewe hajui, na anasimama karibu yangu.

Utauliza, kama sipulizi, jino la nini? Fikiri, mwanangu, wewe uliyesoma. Moyo ukitengenezwa, pumzi inarudi. Jino likitoka halirudi. Mnataka kunipa pumzi, halafu mnibomolee ukuta wa kuiegemeza. Nitakuwa mzima wa nini? Wa kukaa na paka?

Nakuomba unyamaze. Wanipasue kwanza. Nikishapona, nikapiga hata msimu mmoja kwa pumzi yangu mwenyewe, nitaling'oa kwa koleo mbele yako.

Nisamehe mwandiko. Nina kihoma fulani hakitaki kuondoka, jioni natetemeka kisha nalowa jasho, na hamu ya chakula sina. Ni hali ya hewa tu. Nimenunua vidonge dukani.

Baba yako


Tarehe 18 Machi

Baba,

Shikamoo. Barua hii itakufika baada ya mambo kutokea, kwa hiyo sitakuuliza hali. Najua hali.

Nilipofika pale uliposema kihoma, niliacha dirisha wazi na foleni imesimama. Nilikwenda na barua yako mkononi hadi kwa daktari wa moyo. Nikamwambia yote, la jino, na kwamba mimi ndiye niliyempa neno la uongo. Hakunifokea. Ingekuwa nafuu angefoka. Alisema tu, "Kumbe," kisha akauliza homa ni ya lini. Tarehe nane Aprili amepewa mgonjwa mwingine. Akaniambia, "Huyo asikae nyumbani hata siku moja. Vijidudu huenda vimekwisha kufika kwenye vali. Asimeze tena vidonge vya dukani. Wamtoe damu ya kupima, kisha alazwe, aanze sindano."

Simu yako unaijibu "ndiyo, ndiyo". Jirani simjui namba. Mpiga Ngoma hana simu. Namba niliyokuwa nayo ni ya Kiongozi wa bendi, ile mliyoiandika kwenye matangazo. Nikampigia.

Aliniambia, "Binti, baba yako yuko hapa mazoezini, anapuliza kama kijana. Homa ndogo isikutie wasiwasi. Jumamosi tuna kazi kubwa, baada ya hapo nitamwambia aende."

Nikamwambia ni hatari. Akasema, "Mgonjwa wa moyo hawezi kupuliza vile. Hata wewe ungekuwepo ungecheka."

Nikarudia. Akaanza kuniaga, "Haya, binti, nimesikia." Angekata simu, Baba. Nilisikia kabisa anataka kukata.

Nikamwambia hupulizi. Nikamwambia anayepuliza ni nani.

Akasema, "Ngoja," nikasikia anaita jina lako kwa sauti, matarumbeta yakakatika moja moja, halafu simu ikakatika.

Sijui nimeokoa nini na nimevunja nini. Ulinidanganya kwa jambo ambalo lingekuua, na bado naona mimi ndiye ninayeandika kama mwizi. Nijibu. Hata kunitukana, nijibu.

Mwanao


Tarehe 9 Aprili

Karani,

Niko hospitali ya huku kwetu, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Damu walichukua, wakakuta vijidudu vimo. Nachomwa sindano asubuhi, mchana na jioni, na nitachomwa kwa wiki nyingi bado. Jino limetoka. Mzizi mmoja, umenyooka, mwambie huyo mtaalamu wako. Nimelitupa.

Sasa sikia yaliyotokea, kwa sababu simu ilikatika ukakosa.

Kiongozi alinijia na simu mkononi, akanichukulia tarumbeta. Hakuninyang'anya, ningepigana. Alilichukua taratibu, kama unavyomchukulia mtoto kisu. Akasema mbele ya wote, "Kwa hiyo muda wote huu tunapigiwa makofi ya mtu mwingine?" Tarumbeta la Pili akaangalia viatu vyake. Mpiga Ngoma akaniangalia mimi. Tumekaa naye bega kwa bega tangu sote tuna nywele nyeusi. Aliuliza kwa sauti ya chini, "Hata mimi, kaka?" Hakuna aliyecheka. Bendi ile watu hucheka hata kwenye maziko, siku hiyo hakuna aliyecheka.

Kwa daktari ulikwenda, sawa. Daktari ni kazi yako. Hilo la jino ni kosa langu, nililipika mwenyewe, nalila mwenyewe. Lakini lile lingine halikuwa la jino. Nilikuandikia wewe. Sikumwandikia Kiongozi. Nilikuambia jambo ambalo ukuta wa nyumba yangu haujui, nikiwa natetemeka homa, nikijua lipo mikononi mwa mwanangu, na wewe ulilitoa kabla sijamaliza kuugua.

Utasema ungefanyaje. Najua utasema. Wauguzi hapa wananiambia nina bahati ya kuwa na binti kama wewe, siku chache zaidi ningekuwa nazungumziwa kwa habari nyingine. Nawaitikia, "Ndiyo, ndiyo."

Usiniandikie.

Mgonjwa wa kitanda cha dirishani


Tarehe 12 Mei

Baba,

Shikamoo.

Umesema nisikuandikie, kwa hiyo hii si barua, ni taarifa ya kliniki, na mimi ni karani. Sindano zikiisha na homa ikikaa mbali, daktari yuko tayari kukupanga upya. Ataulizia moja kwa moja kwa daktari wa huko, si kwangu. Hanilaumu, ila siku hizi mambo yako yote yanapita meza nyingine. Nimeona ni haki.

Umepungua sana? Hilo si la taarifa. Samahani.

Mwanao


Tarehe 21 Julai

Baba,

Shikamoo. Najua uko ghorofa ya juu, naweza kuhesabu madirisha nikalijua la wodi yako, na bado nakuandikia kana kwamba kuna safari kati yetu.

Jumatatu ulipokuja nilikuona tangu getini. Suruali imekuwa pana, na Mpiga Ngoma amekushika mkono. Nilifurahi kuwaona mko pamoja. Kwenye dirisha la kwanza, langu, hapakuwa na mtu hata mmoja. Kwenye dirisha la pili foleni ilifika mlangoni. Mpiga Ngoma alininyooshea kidole, akakuambia kitu. Wewe ukaenda ukasimama mwisho wa foleni ya dirisha la pili, na moyo huo, umeegemea ukuta. Nikapanga mihuri yangu. Ilikuwa imekwisha kupangwa, nikaipanga tena.

Kati yangu na dirisha la pili kuna ubao mwembamba tu. Nilimsikia mwenzangu akikuuliza, "Mzee, ndugu wa karibu, wa kuitwa likitokea jambo, ni nani?"

Ulimtaja Mpiga Ngoma.

Akakuuliza, "Huna mtoto?"

Ukasema, "Andika huyo huyo."

Ulisema kwa sauti kubwa kama usemavyo siku zote, kwa sababu ya masikio. Sidhani ulikusudia nisikie. Wala sidhani ulikusudia nisisikie.

Siku ya upasuaji hakuna aliyewajibika kuniambia lolote. Ningeweza kufungua faili lako, kuleta mafaili na kuyarudisha ndiyo kazi yangu, na hakuna ambaye angeuliza. Sikufungua. Nimejifunza kitu kuhusu mambo yako kuwa mikononi mwangu. Nilitoka wakati wa chai, nikaenda kwenye benchi la ndugu wa wagonjwa, nikamuuliza Mpiga Ngoma kama mtu wa njiani angeuliza. Akasema, "Ameamka. Ameomba maji, halafu amelalamika maji ni ya baridi." Nikacheka, akacheka, tukafuta macho kila mmoja akitazama upande wake. Akaniambia daktari amesema kilango kinafunga vizuri. Akaniambia unavuta pumzi ndefu mpaka muuguzi anakukataza.

Sijui utafanya nini na pumzi hiyo. Sina haki ya kuuliza. Bado nina hasira nawe, Baba, kwa lile gego. Nikiwa peke yangu nakuambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Halafu nakumbuka Kiongozi alivyotaka kukata simu, na najua ningesema tena. Hilo ndilo siwezi kukuomba msamaha kwalo, na ndilo ulilotaka nikuombe.

Barua hii nampa Mpiga Ngoma. Akupe kama unaitaka.

Kuna jambo moja tu la kazi. Kila mgonjwa anayeruhusiwa kwenda nyumbani hupita dirisha la kwanza kugongewa muhuri, hakuna njia nyingine ya kutoka. Nimemwomba mwenzangu wa dirisha la pili akae kwenye kiti changu siku hiyo. Utakuta yeye. Mimi nitakuwa chumba cha mafaili, nyuma, mlango umefungwa, mpaka mtoke.

Vaa sweta, asubuhi kuna baridi.

Mwanao